Mwaka Ambao Kuku wa Mama Walinenepa

Mwezi uliopita nilikwenda msibani kwa Dada Edina, Kibaha, nikamkuta amekaa kwenye godoro sebuleni, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kiunoni juu ya gauni jeusi. Binti yake wa pekee alikuwa amezikwa siku iliyotangulia. Nilipiga magoti, nikamshika mkono, nikamwambia pole, dada. Akanijibu kwa sauti ileile niliyoizoea kazini kwake, tulivu, isiyopanda wala kushuka: "Ahsante, mdogo wangu. Namshukuru Mungu, naendelea vizuri. Nakula, nalala, na watu wapo karibu nami." Nikabaki nimemshika mkono, sijui niuachie au niendelee kuushika. Maneno yale niliyajua. Nilijua lipi linatangulia na lipi linafunga, kwa sababu ulikuwepo mwaka mmoja ambao mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia yeye hivyohivyo, mezani kwake, na yeye ndiye aliyekuwa akiniamini.

Sitaeleza tulizaliwa wangapi wala baba alikwenda wapi. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na niliishi na dada yangu, Siwema, kwenye chumba kimoja mtaa wa Picha ya Ndege, hapohapo Kibaha, uani kwa Mama Chiku. Kitanda kilikuwa upande wa dirisha, na upande wa mlango palikuwa na meza yenye oveni ndogo ya gesi, kwa hiyo mashuka, nguo na hata nywele zetu zilinukia vanila. Siwema alikuwa akifungasha bidhaa kwenye kiwanda kimoja huko Zegereni. Mimi nilioka keki. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikirudia palepale mpaka bando linakwisha. Na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, hakukuwa na wa kuniambia kwamba sasa inatosha. Ua la krimu likipinda kidogo nalikwangua lote. Keki ikipasuka juu naoka nyingine. Kila kilichoharibika kililiwa na Siwema, amekaa kitandani na sare yake ya kazini, kijiko mkononi. "Endelea kukosea, mdogo wangu," alikuwa akisema, mdomo umejaa. "Siku ukishajua kabisa, mimi nitakula nini?"

Asubuhi moja aliamka akisema kifua kinambana. Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi mno, kwa hiyo nawaomba mnivumilie nikiieleza kwa mpangilio. Sikumwambia anywe maji alale. Sikumwambia angoje nimalize keki. Nilizima oveni, nikakimbia kumgongea kijana wa bajaji aliyepanga jirani, tukafika hospitali kabla jua halijawa kali. Walimpokea mlangoni, wakamwekea hewa, na daktari akaja mwenyewe bila kuitwa mara mbili. Kabla ya alasiri Siwema alikuwa amefariki. Daktari alinikalisha chini akaniambia ulikuwa moyo, kwamba ulikuwa na kasoro tangu anazaliwa, na kwamba hakuna aliyejua, hata marehemu mwenyewe. "Ulimleta mapema," akasema. "Hakuna ulichokosea." Alidhani ananifariji. Lakini mimi ni mtu wa kukwangua na kuanza upya. Nioneshe palipopinda, nitapanyoosha. Yeye aliniambia hakuna palipopinda, nikatoka pale nikiwa na kanga ya Siwema mkononi na kichwani hakuna hata kitu kimoja cha kurekebisha.

Tulimzika Kisarawe, kwa Mama, karibu na mikorosho. Wanawake walijaa ukumbini mpaka barazani, na kila aliyenifikia alikuwa na lake. Mungu hakosei, binti yangu. Jikaze, mama yako anakutazama wewe. Shangazi mmoja akaninong'oneza kwamba nikilia sana nitamsumbua mwenzangu huko aliko, basi nikaacha kulia palepale, kama mtu aliyefunga bomba. Nikawa mfiwa hodari. Nilipika chai, nilisugua masufuria, nilipanga viatu vya wageni mlangoni viwili viwili. Nikiwa nyuma ya jiko nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Yule mdogo mtu ana moyo mgumu jamani, hata chozi!" Mwenzake akamjibu, "Watoto wa siku hizi wanalilia kwenye simu." Wakacheka kidogo, wakaniona, wakanikabidhi sahani za kuosha. Siku ya arobaini tukasoma khitma, pilau ikaliwa, na wazee wakasema msiba umekwisha. Nakumbuka nilitazama huku na huku nikitaka kuona wenzangu wanajisikiaje msiba ukiisha, ili nami nifanye vilevile.

Nikarudi Picha ya Ndege. Nililala sakafuni, kwa sababu kitanda kilikuwa na bonde upande wa Siwema. Nilijaribu kuoka, lakini zilizoharibika sasa hazikuwa na mlaji, na sikuweza kuzitupa; nilizipanga chini ya meza mpaka zikaota ukungu wa kijani. Njaa iliondoka mwilini, haikurudi. Kila Ijumaa nilikwenda Kisarawe kumjulia Mama hali. Mama alipika kama mtu anayepokea wageni: wali wa nazi, kisamvu, samaki wa kukaanga, siku nyingine bada, ule ugali wa muhogo ambao Siwema aliupenda kuliko mimi. Aliniwekea sahani kwenye baraza ya jikoni, yeye akaingia ndani kuswali. Nami nilirusha chakula tonge kwa tonge kwa kuku, wakija mbio kutoka mihogoni, kisha nikaacha masalio machache pembeni mwa sahani, namna anavyoacha mtu aliyeshiba. Hata hilo nililifanya kwa ustadi. Sikuwa na mpango wowote wa kujidhuru, nasema kweli, ila kila nilipolala nilitamani asubuhi isinikute.

Kilichonipeleka kituo cha afya ni tumbo. Daktari aliliminya huku na huku, akasema tumbo halina kitu, akaniuliza kama nimefiwa karibuni, kisha akanielekeza mlango wa mwisho wa korido. Juu yake pameandikwa USHAURI NASAHA. Yeyote aliyekulia kwetu anajua mlango huo maana yake nini. Ndiko watu walikopelekwa kabla ya kupima virusi vya UKIMWI na baada ya kupewa majibu, na benchi lake lilitazamana na dirisha la dawa za kufubaza. Waliokaa pale walivuta mitandio hadi kwenye nyusi, au waliinamia simu zilizozimwa. Kwamba mtu anaweza kukaa pale kwa sababu ya huzuni tu, hilo halikuwa limetufikia. Hata mimi nilikaa nusu tako, tayari kusimama na kusema nimepotea njia.

Ndani alikuwepo Dada Edina, muuguzi kutoka Bukoba, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na mezani kwake palikuwa na chupa ya chai na chapati iliyofungwa kwenye gazeti. Siku ile ya kwanza hakuniuliza mengi. Nalala? Nakula? Nani yuko karibu nami? Na akaniuliza waziwazi, akinitazama, kama kuna wakati nafikiria kwamba afadhali nisingekuwepo. Nilijibu vibaya, kwa kigugumizi, na nilipotoka nje nilijilaumu kama mwanafunzi aliyefeli. Wiki iliyofuata sikufeli. Nilikuwa nimetazama video za watu waliofiwa, nikaona wanavyosimulia kupona kwao, nikachagua maneno mazuri, nikayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Nilijifunza ushauri nasaha kama nilivyojifunza keki. Safari moja nikasema nalia sana. Safari nyingine nikasema nalia kidogo. Baadaye nikasema namshukuru Mungu, naendelea vizuri, nakula, nalala, na watu wapo karibu nami. Dada Edina alitikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Hongera, Zuhura. Ukiendelea hivi tutakuwa tunaonana mara mojamoja tu." Kwa muda wa kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni nilijisikia mtu. Kisha nikafika kwenye benchi na hakukuwa na kitu tena.

Mama Chiku ndiye aliyeniona pale. Nililijua hilo nikiwa bafuni, bafu la mabati uani, sabuni usoni, yeye na jirani yake wakichota maji nje.

"Nimemwona kwa macho yangu mawili," Mama Chiku alisema. "Mbele ya dirisha lile."

"Zuhura? Na ule upole wote?"

"Hao wapole ndio wanaokanyaga waya, shoga. Na dada yake je? Eti moyo. Moyo gani wa asubuhi mpaka mchana?"

"Mwe! Na keki zake tumekula."

"Umekula wewe. Mimi sukari siitaki."

Sabuni ilinikaukia usoni nikingoja waondoke. Baada ya hapo simu za oda zikaanza kurudi nyuma kwa adabu: shughuli imekuwa ndogo, dada, shangazi mtu ameahidi kuleta keki kutoka mjini, dada, usijisikie vibaya. Jambo linalonitisha hadi leo ni kwamba sikukasirika. Nilifikiri, angalau sasa watu wana sababu ya kunitazama vile. Niliona hata kama ningekufa, wangekuwa na maelezo yaliyonyooka, na mimi napenda maelezo yaliyonyooka.

Uvumi ulifika Kisarawe kabla yangu. Siku yangu ya kuonana na Dada Edina nikaingia kwenye korido, nikamkuta Mama amekaa katikati ya lile benchi, mgongo wima, uso wazi, akiwasalimia watu wote waliojifunika mitandio mmoja mmoja kwa zamu. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa unga wa lishe, kifurushi cha rosela iliyokaushwa, na kuku mkubwa mwekundu aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, Mama. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Nimekuja kumwona huyo mtu wako wa dawa."

Mlango ulipofunguliwa aliingia yeye kwanza. Akamweka kuku chini ya kiti, akaketi, akamwambia Dada Edina kwa heshima, "Mwalimu, sikuja kugombana na mtu. Nataka uniambie mwanangu anameza saa ngapi, na kabla ya kumeza ale nini."

Dada Edina alinitazama, kisha akamtazama kuku. "Mama, habari za anayekuja humu mimi siwezi kuzisema. Aseme mwenyewe."

Mama akanigeukia, akitikisa kichwa taratibu. "Umesikia? Kumbe ni kweli."

"Mama, mimi sina virusi."

"Wote husema hivyo mwanzoni. Mtoto wa Bi Kuruthumu alisema hivyohivyo. Leo anameza, amenawiri, ana wake wawili."

Dada Edina aliziba mdomo kwa kiganja, akakohoa. Nikasema, "Nakuja hapa kwa ajili ya Siwema."

Jina lile lilikuwa halijatajwa kati yetu wawili tangu khitma. Kuku alipiga mbawa mara moja akatulia.

"Siwema tumeshamzika," Mama akasema.

"Najua."

"Na khitma tumesoma."

"Najua, Mama."

"Sasa huku unakuja kumfanya nini?"

Dada Edina akaniambia, "Zuhura, mweleze mama unavyoendelea." Basi nikamweleza. Yalitoka yenyewe, kwa mpangilio, kama nilivyoyazoesha mbele ya kioo: namshukuru Mungu, naendelea vizuri, nakula, nalala. Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Siwema afe, na hakikuwa kicheko cha kufurahisha.

"Anakula? Huyu? Mwalimu, kuku wangu wananenepa na mwanangu anakonda. Namwona kwenye tundu la dirisha. Samaki wangu, wali wangu, vyote wanakula kuku. Huyu aliye chini ya kiti unamwona alivyo? Amelelewa na Zuhura huyu."

"Mama," nikasema, "kama ulikuwa unaniona, mbona hukusema?"

Akaanza kukunja na kukunjua pembe ya kanga yake. "Ningesema nini? Na changu nilikuwa nawapa haohao. Unadhani wangenenepa hivi kwa sahani moja?"

Nje, kwenye dirisha la dawa, walikuwa wanaita watu kwa namba. Dada Edina akasogeza kando chupa yake ya chai, akaniuliza bila ukali, akionekana ameumia kidogo, "Majibu yako yalikuwa mazuri sana, mdogo wangu. Nani aliyaandaa?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi leo tuache yaliyoandaliwa. Nisimulie asubuhi ile." Nikasimulia, na Mama, ambaye hakuwahi kuuliza lolote kuhusu siku hiyo, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Siku hiyohiyo nilimweleza Dada Edina lile la kutamani asubuhi isinikute. Hakushtuka wala hakunihubiria. Alisema nisilale peke yangu tena, akatupeleka kwa daktari, na daktari akaniandikia vidonge vya kumeza kila siku, vya huzuni iliyozidi. Mama alivipokea kwa mikono miwili. Alipotoka mlangoni akaniambia, "Si nilisema? Unameza." Nilipima virusi baadaye, nikamwambia sina. Akasema vizuri, akaendelea kunikaushia rosela. Mpaka leo akipiga simu swali la kwanza ni kama nimemeza.

Nilihamia Kisarawe. Yule kuku alichinjwa jioni ileile, Mama akisema ni haki arudi kwa wenyewe. Tulimla kwa bada, tumekaa uso kwa uso, kila mmoja akimlinda mwenzake asirushe tonge nje. Sikuhisi ladha yoyote. Nilitafuna kwa sababu nilikuwa natazamwa, naye vivyo hivyo. Ndivyo tulivyoanza kula tena.

Ningependa kuandika kwamba kutoka hapo nilipona, maana nimesoma simulizi nyingi za namna hii na zote mwishoni mtu hupona. Nilirudi kwenye chumba kile cha Dada Edina mwaka mzima. Kazi tuliyofanya mle, ukiniuliza, ilikuwa moja tu: nilisimulia asubuhi ile, tena na tena, polepole zaidi kila mara, nikitafuta kosa, na Dada Edina akitafuta pamoja nami. Vipi kama ningeamka kabla yake? Tukalitazama. Vipi kuhusu kule kuhema kwake wakati wa kupanda ngazi, mwezi mmoja kabla? Tukalitazama hilo pia. Watu wengine wote walikuwa wameniambia sijakosea kabla sijamaliza kueleza. Yeye alinisubiri mpaka nikafika mwisho, mpaka hapakuwa na dakika ya asubuhi ile ambayo hatujaigeuza. Kisha siku moja akasema, "Sijaona, Zuhura. Nimetafuta pamoja na wewe, sijaona." Nililia kwa sauti, ile ambayo shangazi aliikataza, kwa sababu hatimaye niliamini. Na kuamini kulikuwa kubaya kuliko kutafuta. Kama hakuna kosa, basi hakuna siku ambayo ningeifanya vizuri zaidi akabaki. Watu hudhani ushauri nasaha unakuondolea kitu. Mimi uliniachia kilekile, ila baada ya hapo nilikuwa nakibeba huku nakula na kulala. Hata sasa ninapooka, ua likipinda bado nalikwangua. Ninachokikwangua nakula mwenyewe, nimesimama, na bado sijakipenda.

Basi nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa Dada Edina nikiwaza hayo, huku nje chini ya turubai wanakwaya wakiimba na wanawake wa jumuiya wakipita na masinia. Mmoja wao aliinama akamwambia, "Dada, umekula?" naye akajibu, "Nimekula, mpenzi, nimeshiba." Nyuma ya mguu wa kochi, karibu na godoro, niliona sahani ya wali na nyama iliyofunikwa kwa sahani nyingine, mchuzi umeganda pembeni. Nilimngoja yule mwanamke aende zake. Nilikuwa naogopa, mimi huogopa kukosea hata kwenye mambo madogo, na hili halikuwa dogo.

"Majibu mazuri, dada," nikamwambia. "Nani ameyaandaa?"

Nilidhani atacheka, au atanifukuza. Ile sauti ya kazini ilipotoka tena ilikuwa haina utulivu.

"Nilimpeleka mapema, Zuhura," akasema. "Mimi ni nesi. Niliona dalili siku ya kwanza, nikampeleka mapema."

"Najua, dada."

"Kila kitu kilifanyika."

Nikaitoa sahani nyuma ya kochi, nikaiweka kati yetu, nikakaa vizuri kwenye godoro. Nikamwambia anisimulie asubuhi ile. Akaanza: binti alikuwa ameamka mapema, ameomba chai isiyo na maziwa. Nilimsikiliza polepole, bila kumkatiza, nikitafuta kosa pamoja naye, na tangu alipotaja chai nilijua hatutaliona.